Milimita Moja Itaniua

Hebu nielezeni, jamani. Nani alianzisha huu utaratibu wa kuchukua kitambaa kizima, kizuri, kisicho na hata doa, kukikatakata kama kina kesi, halafu kukesha unaviunga vile vipande virudi kuwa kitambaa? Na ukimaliza unakuta kimepungua! Hapa nyumbani mshonaji wa mablanketi ya viraka ni mimi, na hakuna aliyenilazimisha, najua. Lakini kulalamika nako ni haki ya fundi.

Adui yangu anaitwa robo inchi. Mshono unatakiwa ukae robo inchi kutoka ukingoni, kama milimita 6 hivi. Sawa, nimekaa hapo. Kumbe bado! Kitambaa kikishakunjwa juu ya uzi, ule mkunjo wenyewe unakula nafasi, kwa hiyo wajuzi wanakwambia shona robo inchi kasoro uzi. Kasoro uzi! Mtu ambaye kutunga sindano tu ni mpaka aite mtoto, leo apime unene wa uzi kwa macho.

Ningependa kusema ni maringo yao tu, ila hesabu inawatetea. Mstari mmoja una viraka 12, maana yake mishono 11. Kila mshono ukiuzidisha milimita moja, umekula moja upande huu na moja upande ule. Piga mwenyewe: milimita 22. Sentimita mbili na ushee zimeyeyuka, na ule mstari wa chini yake, ulioushona ukiwa na akili timamu, haujapungua kitu. Haya, iunganishe hiyo miwili! Haba na haba hujaza kibaba, wazee walisema, ila hawakutuambia kibaba cha nini.

Kwa hiyo anayeniambia "shona tu, ni blanketi, nani atapima" simsikilizi. Kwenye kukata na kwenye upana wa mshono nabana mpaka pumzi. Hapo sibishani na mtu.

Shida inaanza kwenye ncha. Ukitaka nyota, unashona pembetatu, na kila pembetatu ina ncha inayotaka ifike mahali pake kamili. Mshono ukipita juu kidogo tu, ncha imekatwa kichwa, una nyota butu. Na hapo ndipo mdudu wangu wa kusaka makosa anapoamka. Nasogeza taa, nainama, naliona kosa. Milimita moja. Wala si moja, ni nusu. Mkono wenyewe unatafuta kile kijisu cha kufumulia.

Kufumua kuna utamu wake, tusidanganyane. Unakata uzi wa juu kila baada ya tundu tatu nne, unageuza, unavuta uzi wa upande wa pili, trrrr, unatoka mzima. Raha! Tatizo kitambaa hakina subira kama yangu. Ukikifumua mara moja kinakusamehe. Ukirudia, kingo zinaanza kuota ndevu. Na ule upande uliokatwa mshazari ndio balaa lenyewe, kwa sababu mshazari unanyumbuka: kila ukiushika umerefuka, na pembetatu iliyokuwa imenyooka sasa ina kitambi. Umefukuza milimita moja, umekaribisha tatu, na uzi umeisha.

Bado pasi. Usisukume, unaambiwa, bonyeza, nyanyua, bonyeza, la sivyo utavuta mishono yote. Mimi tangu utoto pasi inatembea! Halafu mstari huu mishono yake ilalie kushoto, unaofuata ilalie kulia, ili ikikutana ikumbatiane na viungo vikae sawa. Hili, kwa shingo upande, nakiri ni uchawi mzuri. Ukisikia kwa kidole jinsi vile vituta viwili vinavyoingiana, unaweza kutupa nusu ya pini zako.

Halafu njoo uone dharau. Kuna mahali panaitwa Gee's Bend, Alabama, kule Marekani. Wanawake Weusi wa pale wameshona mablanketi vizazi kwa vizazi, kwa nguo za kazi zilizochakaa na chochote kilichopatikana. Mistari inakwenda itakako. Mwaka 2002 mablanketi hayo yakatundikwa kwenye jumba la sanaa Houston, yakapelekwa New York, na mwaka 2006 yakatokea kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Mstari wao ukipinda, watu wanasimama mbele yake kimya wakiustaajabia. Wangu ukipinda, wifi anavaa miwani. Najua mtakalosema: wao mkono uliamua kupinda, na jicho lilishapima kila rangi inakaa wapi. Ni kweli. Wangu unapinda bila hata kunishirikisha.

Na huyu wifi, macho yake sijui yalifanyiwa nini. Blanketi zima limetandazwa, rangi zinaimba, yeye anakwenda moja kwa moja kwenye pembetatu moja nyekundu, pembeni kabisa, anaiwekea kidole. "Wifi, hii ncha vipi?" Hata chai hajanywa.

Ndiyo maana nimejiwekea mpaka. Kosa la urefu nafumua hata kama halionekani, kwa sababu litazaa. Mengineyo nasimama hatua mbili nyuma. Kosa likiniita nikiwa nimesimama, nafumua. Likitaka mpaka niiname na taa mkononi, likae hapohapo, lina haki ya makazi. Mapindo ya pembeni, vile vitambaa virefu vya kuzungushia blanketi, nayo nayapima kwa urefu wa katikati ya blanketi. Kingo zimeshashikwashikwa zikanyumbuka; ukizifuata utapata mawimbi ambayo hayahitaji wifi kuonekana.

Linaloniuma kuliko yote ni kufua. Pamba ambayo haijafuliwa kabla hupungua asilimia 3 hadi 5 hivi. Kwenye mita mbili hizo ni sentimita 6 hadi 10! Mimi nimepigania nusu milimita mpaka shingo imekakamaa, beseni linachukua sentimita nzimanzima na haliombi radhi. Blanketi linatoka limejikunyata kila mahali, laini, vijikunjo kote, na ncha nilizofumua na nilizoziacha zimefanana kama mapacha. Nani atanirudishia uzi wangu?

Wifi alikuja tena likiwa limeshakauka. Akavaa miwani, akainama palepale kwenye nyekundu yake, akapitisha kidole.

"Ehee, naona umeifumua ukairudia. Sasa imekaa!"

Nikamwambia asante wifi, nilikusikia. Sijaigusa.