Sudan Kusini: Majimbo Mangapi, na Fedha ya Nani?

Septemba 2011, miezi miwili tu baada ya bendera mpya kupandishwa Juba, baraza la mawaziri la Sudan Kusini lilipitisha uamuzi wa kuhamishia mji mkuu Ramciel, karibu na kitovu cha nchi. Sisi wakazi wa Dodoma tunaielewa hamu hiyo. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje huku katikati, tukangoja hadi 2016 ndipo uhamisho wenyewe ukaanza kwa kishindo. Leo Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, kumejaa majengo ya wizara na barabara za lami. Lakini kuwa jirani wa ofisi ya waziri hakukupi kauli juu ya anachoamua waziri. Mji mkuu unaweza kusogezwa hadi kwenye uzio wa mtu, na madaraka yakabaki mbali naye vilevile.

Nimeanza na hilo kwa sababu mjadala wa Sudan Kusini, nchi tuliyoipokea katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, huendeshwa kama swali la ramani. Majimbo, au serikali kuu yenye nguvu? Majimbo kumi, au thelathini? Naona ramani ndiyo inayotupoteza.

Dai la shirikisho ni la zamani kuliko nchi yenyewe. Desemba 1955 wabunge wa kusini waliunga mkono uhuru wa Sudan baada ya kuahidiwa kwamba ombi lao la shirikisho lingefikiriwa kwa uzito. Halikufika popote. Vita vya kwanza vilikwisha mwaka 1972 kwa mkataba wa Addis Ababa, uliowapa watu wa kusini serikali na bunge lao huko Juba. Miaka kumi na moja baadaye Rais Nimeiri wa Sudan akaivunja serikali hiyo kwa amri, akaigawa kusini katika mikoa mitatu, na vita vikarudi.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wa majimbo hupenda kuliruka. Mgawanyo ule wa 1983 uliombwa na baadhi ya watu wa kusini wenyewe. Wanasiasa wa Equatoria, eneo la kusini kabisa ulipo mji wa Juba, walichoka kuwaona Wadinka, kabila kubwa kuliko yote huko, wakishika nafasi nyingi Juba, wakataka kila mtu atawaliwe kwao. Wakaliita kokora, neno la Kibari lenye maana ya kugawa. Watu waliokwisha kujenga na kuzaa watoto Juba wakaambiwa wafungashe. Ndiyo maana hadi leo ukitaja shirikisho mbele ya Mdinka aliyeyaona hayo, yeye anasikia kokora. Woga huo una kumbukumbu ndani yake, na haufai kupuuzwa.

Wanaotaka serikali kuu yenye nguvu wana hoja nyingine nzito zaidi. Mafuta yamekuwa yakileta zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali, na visima viko katika maeneo machache ya kaskazini mwa nchi. Jimbo lisilo na kisima litawalipa walimu kwa nini? Kisha kuna silaha. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 uliagiza viundwe vikosi vya pamoja, ambavyo baadaye vilipangwa kuwa na watu 83,000, na kazi hiyo imekwenda kwa kusuasua. Mpe gavana jimbo lenye kabila moja kubwa, mpe na wapiganaji wanaomtii yeye, halafu uite hilo shirikisho: unaweza kuwa umempa mbabe wa vita muhuri wa serikali.

Wanaoshika upande huu huitaja Burundi, na wana haki. Mkataba uliosainiwa Arusha Agosti 2000 haukugawa nchi. Uligawa nafasi palepale katikati, na katiba ya 2005 iliyotokana nao ikaweka mgao: Wahutu wasizidi asilimia 60 serikalini na katika Bunge la Taifa, Watutsi asilimia 40, na jeshini nusu kwa nusu. Burundi imepata misukosuko tangu hapo, ule wa 2015 ukiwa mkubwa, lakini haikurudi kwenye mauaji ya kikabila ya miaka ya 1990. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi iliyopasuka haiponi ila kwa majimbo.

Lakini Juba imekwisha kupewa nafasi ya kuamua kila kitu, na tumeona ilichofanya. Mwaka 2014 hoja ya shirikisho ilionekana kama hoja ya waasi, kwa kuwa Riek Machar, kiongozi wa waasi, alikuwa ameibeba. Oktoba 2015, wiki chache tu baada ya kutia saini mkataba wa amani uliojengwa juu ya majimbo kumi, Rais Salva Kiir akatangaza kwa amri majimbo 28. Januari 2017 yakawa 32. Ukitazama kwa mbali utadhani ni ugatuzi mkubwa kuliko wote Afrika. Ukisogea karibu unaona magavana wote wameteuliwa na mtu mmoja, mishahara yao inatoka mfuko mmoja, na mipaka imechorwa bila wenye ardhi kuulizwa. Malakal, mji ambao watu wa kabila la Washilluk wanauhesabu kuwa wao, ukawekwa katika jimbo jipya lililoshikwa na Wadinka. Februari 2016 kambi ya Umoja wa Mataifa iliyohifadhi wakimbizi mjini humo ilivamiwa, watu wakauawa, mahema yakateketea. Miaka minne baadaye, Februari 2020, Kiir alikubali kurudi kwenye majimbo kumi na maeneo matatu ya utawala. Kalamu iliyogawa ndiyo hiyo hiyo iliyounganisha.

Sisi Watanzania hatuna sababu ya kushangaa. Mwaka ule ule wa 1972, Kusini walipopata bunge lao, hapa kwetu ulianza mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina zuri. Kilichotokea ni kwamba halmashauri za wilaya zilivunjwa, na wataalamu wakatumwa mikoani wakiwa watumishi wa serikali kuu. Waliosogea walikuwa maofisa. Madaraka yalibaki yalipokuwa. Sheria ya kurudisha halmashauri ilipitishwa mwaka 1982, na tangu hapo tumekuwa tukivutana. Chukua kodi ya majengo, ambayo zamani ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2021 ikaanza kulipwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ikipitia serikali kuu. Makusanyo yakawa rahisi, hilo silipingi. Ila diwani aliyeulizwa kuhusu mtaro ulioziba hakuwa tena na kodi hiyo mkononi.

Niliwahi kuketi katika mkutano wa kijiji kimoja wilayani Kongwa, chini ya mti, mbele ya ofisi. Ukutani ilibandikwa karatasi ya mapato na matumizi, kona moja imefunguka inapigwapigwa na upepo. Mzee mmoja alinyanyuka, akaenda kuisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, watu wote wamenyamaza. Akageuka. "Mtendaji, mwanangu, hapa pameandikwa mabati arobaini. Mimi nimeyahesabu juu ya zahanati, ni thelathini na sita. Manne yako wapi?" Mtendaji alieleza kwamba manne yapo stoo, na vijana wawili wakatumwa kwenda kuangalia. Yalikuwapo. Mkutano ukaendelea.

Tukio dogo, lakini lilihitaji mambo matatu: fedha iwe imefika kijijini, karatasi iwe ukutani, na mzee aweze kuuliza bila kuogopa kwamba usiku atafuatwa. Shirikisho lisiloleta hayo ni kuongeza magari ya magavana tu.

Kongwa hiyo hiyo ndiko walikofanyia mazoezi wapiganaji wa FRELIMO miaka ya 1960, na Msumbiji yao ina onyo lake. Baada ya vita vya ndani vilivyokwisha 1992, RENAMO, waasi waliogeuka chama cha upinzani, iliendelea kudai magavana katika mikoa inayoshinda. Katiba ikarekebishwa 2018, na Oktoba 2019 magavana wakapatikana kwa kura kwa mara ya kwanza. FRELIMO ikachukua mikoa yote kumi. Zaidi ya hapo, kila mkoa ukawekewa katibu wa serikali anayeteuliwa na rais, akae sambamba na gavana aliyechaguliwa. Wananchi wakapewa mtu wao, na juu ya bega lake akasimamishwa mtu wa rais.

Mimi, kwa Sudan Kusini, nasimama upande wa shirikisho, kwa sababu nchi ile imejaribu amri za katikati tangu Khartoum hadi Juba na kila mara zimeishia kwenye kaburi. Ila majimbo yabaki kumi, na katiba imkataze rais yeyote kugusa mpaka bila ridhaa ya mabunge ya majimbo yanayohusika. Gavana apigiwe kura, asiwekewe mwenzake wa kuteuliwa. Jeshi liwe moja, mikononi mwa serikali kuu. Na mgao wa mafuta, ule wa asilimia 2 kwa majimbo yanayozalisha na asilimia 3 kwa jamii zinazoyazunguka, upelekwe moja kwa moja na utangazwe redioni kila jimbo kwa jina lake, maana redio inafika pasipofika gazeti. Majimbo yasiyo na mafuta yapate ruzuku kwa kanuni inayojulikana, si kwa hisani.

Ugumu uko kwenye nani ataandika hayo. Uchaguzi uliahirishwa kutoka Desemba 2024 hadi Desemba 2026, na katiba ya kudumu ilipaswa kuutangulia. Machi 2025 Machar, makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akashtakiwa kwa uhaini. Katiba ya shirikisho inayoandikwa wakati upande mmoja uko mahakamani itasomwa na Wanuer wengi, kabila la Machar, kama amri nyingine ya Oktoba 2015. Mimi ningechelewesha kura ya mipaka kuliko kuwakosa mezani, na ningeanzia Malakal: Washilluk na Wadinka waliolala kambi moja usiku ule wa Februari waulizwe wao kwanza mpaka upite wapi, kabla karatasi haijafika Juba.