Makaburi ya Mtwara: ardhi ipo, haijatengwa

Kila makaburi ya mtaa fulani wa Mtwara yanapoanza kubanana, hoja inayoibuka ni ileile: manispaa ipige marufuku kuzika mitaani na mashambani, itafute eneo moja kubwa nje ya mji, na maiti wote wapelekwe huko. Wanaoipinga, wengi wao wazee wa mitaa na familia zenye wafu wao chini ya mikorosho, huhesabiwa kuwa watu wa kukwamisha mji. Wanaonewa. Hata kabla hatujafika kwenye dini na mila, hesabu yenyewe iko upande wao.

Sensa ya 2012 iliikuta Mtwara-Mikindani na watu 108,299. Tuchukulie sasa wanafika 150,000, na kwamba kila mwaka wanafariki 8 katika kila 1,000. Nimekadiria kwa juu makusudi. Hao ni watu 1,200. Kaburi moja, pamoja na nafasi ya kupita wabeba jeneza, tulipe mita za mraba 4. Jumla ni mita za mraba 4,800, yaani ekari moja na ushei kwa mwaka. Na si wote wanaozikwa mjini. Wengi husafirishwa kwao Newala, Tandahimba au Masasi, kama ambavyo hata Rais Benjamin Mkapa, aliyefariki Dar es Salaam Julai 2020, alirudishwa kuzikwa kijijini kwao Lupaso, Masasi.

Ekari moja na ushei! Katika mji ambao ukifika Naliendele, pembeni mwake, umeshaingia kwenye mikorosho. Miaka ile ya habari za gesi, mashamba mazima yaligeuzwa viwanja na kuuzwa, na jirani zetu Lindi zimetengwa zaidi ya hekta 2,000 pale Likong'o kwa ajili ya mtambo wa kusindika gesi. Kusini inayoweza kutenga eneo la namna hiyo kwa mradi mmoja haiwezi kusema imekosa pa kuzikia watu wake. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 na makaburi ya Kinondoni yaliyosongamana, ina tatizo la aina nyingine, na dawa yake si lazima iwe yetu.

Sasa turudi kwa wazee. Wanachokitetea si udongo tu. Mazishi ya mtaani ni kazi ya mtaa. Mtu akifariki alfajiri, vijana wanachimba kaburi bila malipo, watu wanaswali adhuhuri, wanalibeba jeneza mabegani kwa kupokezana, na fundi wa baiskeli anafunga banda kwa saa moja kwenda kumzika jirani yake. Yapeleke makaburi kilomita 20 nje, na kila msiba utahitaji gari. Mwenye ndugu wenye uwezo atasindikizwa na mabasi mawili. Mama lishe aliyepanga chumba Chikongola atazikwa na watu wanaoenea kwenye gari moja dogo. Hilo ndilo linalowauma wazee, na sijaona mpango wowote wa eneo kubwa la nje unaosema nani atalipa nauli ya wafiwa.

Kisha kuna jambo ambalo wazee walilijua na sisi tumeliharibu. Kaburi la mtu wa kawaida huku pwani lilikuwa tuta la udongo na alama kichwani na miguuni. Miaka ikipita, tuta lilishuka na ardhi ikapokea mwingine. Wanazuoni wa Kishafi, madhehebu yanayofuatwa zaidi huku, wanakataza kufukua kaburi bila sababu ya kisheria, lakini wanaruhusu kuzika tena pale ambapo mwili wa kwanza umeshakuwa udongo. Mtume mwenyewe alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Leo tunamwaga zege, tunabandika vigae, tunazungushia vyuma. Kaburi la namna hiyo halirudi tena kwa mtaa.

Ukichukua miaka 40 kama muda wa kaburi kupumzika, mji wa watu 150,000 unahitaji chini ya ekari 50 kwa jumla, na kama watu hawaongezeki, ekari hizohizo zinawatosha wajukuu na vitukuu. Kwa zege, kila mwaka unadai ekari mpya, milele. Kwa Wakristo wengi kujengea kaburi ni heshima kwa marehemu, na sidhani ni haki kuwakataza. Ukuta mmoja wenye majina ya waliozikwa, badala ya kujengea kila kaburi, ungeweza kujadiliwa nao. Lakini Waislamu tunaojaza marumaru makaburini hatuna pa kujificha.

Upande wa manispaa nao una hoja nzito mbili. Ya kwanza ni maji. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, ofisi ya Ulaya, ya 1998 ilipendekeza maiti asizikwe ndani ya mita 250 kutoka kwenye kisima cha maji ya kunywa. Kwenye mchanga wetu wa pwani na visima vifupi vya majumbani, makaburi mengine ya mitaani yanastahili kufungwa kweli, na afisa afya anayesema hivyo asikilizwe.

Ya pili ni makaburi ya shambani. Shamba likibaki la ukoo, hakuna shida. Warithi wakiuza, tambiko linakosa njia ya kupita na mnunuzi anajikuta na makaburi uani. Sheria ya kuhamisha makaburi ya 1969 inahusu ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma, na fidia yake ni gharama za kuhamisha, kuzika upya na kufanya tambiko. Mnunuzi binafsi hawezi kuegemea hapo. Kwa hiyo nakubali kwamba ndani ya mipaka ya mji, kuzika kwenye shamba linaloelekea kukatwa viwanja ni kuwaachia watoto ugomvi.

Ila kukataza shambani kunaanza na kutoa pengine pa kuzikia, karibu. Mchoro wa mipango miji unapoandaliwa, shule, zahanati na barabara hupata nafasi kwa sababu kuna anayezidai. Mtawanya na Naliendele mashamba bado yanakatwa. Ekari mbili au tatu katika kila mchoro, mbali na visima na mahali panapofikika kwa miguu, zidaiwe sasa kwenye mikutano ya mitaa, kabla mpimaji hajasimika jiwe la kwanza.