Hakuna Kitufe cha Kumfuata Mwenzako

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu Kaptembwo, hapa Nakuru, kichwa kimenyolewa upande mmoja, simu ya mtu ikipita mkono kwa mkono. Ilikuwa ile video ya mwaka 2014, ndege tano za Airbus A350 zikiruka pamoja, zimejipanga kama wale ndege wa majini waitwao wari wanavyojipanga asubuhi wakitoka Elementaita kuja kutafuta samaki ziwani kwetu. Kijana mmoja aliitazama kidogo tu, akairudisha kwa mwenyewe. "Hiyo ni otopailoti. Rubani wa siku hizi kazi yake ni kunywa chai." Wenzake wakaitikia, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga.

Nilitaka kujibu lakini mashine ilikuwa inanguruma sikioni. Nimekaa na jibu hilo kooni wiki nzima, na leo nalitoa.

Otopailoti ya ndege ya abiria, ule mtambo unaoshika usukani badala ya rubani, inajua njia, inajua mwinuko, inajua kasi. Ukiipangia futi 20,000, itakupeleka futi 20,000 na kukushikilia hapo. Haina jicho la kutazama bawa la jirani. Mle ndani hakuna kitufe unachobonyeza ili ndege ikae kando ya mwenzake hadi uiambie basi. Anayefuata anafuata kwa macho yake mwenyewe. Anachagua alama mbili kwenye ndege ya kiongozi, zilizo mbalimbali, anaziweka zilingane, na kuanzia hapo kazi yake ni kuhakikisha hazitengani. Zikianza kutengana ujue amesogea, mbele au nyuma, juu au chini. Hatazami mandhari wala saa za vipimo zilizo mbele yake. Mambo hayo anamwachia rubani mwenzake aliyekaa kando.

Sasa fikiria anachokiendesha. A350-900 ina karibu mita 65 kutoka ncha ya bawa moja hadi ya lingine, na iliyojazwa inaweza kupaa na uzito wa zaidi ya tani 260. Hata ikiwa tupu, bila abiria wala mizigo, bado ni mlima. Rubani amekaa puani kabisa. Mabawa yako nyuma yake, mkia uko nyuma zaidi, na bado lazima ajue kila ncha imefika wapi, kama mama anayepita na beseni kichwani katikati ya soko bila kumgusa mtu.

Mimi haya niliyaelewa kwa mjomba wangu, ambaye maishani mwake hajawahi kupanda ndege. Aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi, na likizo za shule alikuwa akinichukua hapa Nakuru nikae naye kama utingo. Alikuwa anavua kiatu cha mguu wa kulia. Kiatu kinakaa chini ya kiti, yeye anakanyaga mafuta kwa soksi, na mimi niliyekaa pembeni nilikuwa nauona ule mguu vizuri. Haukuwa ukipanda na kushuka. Ulikuwa unasogea upana wa kidole, pengine nusu ya kidole. Kwenye ukungu wa Timboroa, tukiwa nyuma ya trela lingine, niliona kitu ambacho sijakisahau: mguu ulikuwa unapungua kabla taa za trela la mbele hazijaanza kutukaribia. Nikamuuliza, "Mjomba, umejuaje?" Akanijibu kwamba ukingoja uone, mzigo umeshakuamulia.

Ndivyo ilivyo kule juu, tena zaidi. Injini kubwa ya ndege haiitikii papo hapo. Unaisukuma, feni lake zito linachukua muda kuongeza mzunguko, kisha mwili mzima wa ndege nao unachukua muda wake kuongeza mwendo. Rubani akiona pengo limefunguka naye akasukuma kwa pupa, kwanza hapati kitu. Anaongeza tena. Halafu nguvu yote inamfikia kwa mkupuo na anajikuta anamwingilia mwenzake kwa kasi, anavuta nyuma, napo amechelewa, pengo linafunguka upya. Ni pembea isiyotulia. Dawa yake ni moja tu: kusahihisha mapema, kidogo sana, na kuurudisha mkono kabla hujafika unapotaka kufika. Wakikata kona, aliye upande wa nje ana njia ndefu kwa hiyo aongeze, wa ndani apunguze, na wote waanze kufanya hivyo kabla kona haijawadai. Kiongozi naye amefungwa: mwendo wake lazima usiyumbe, na kona zake ziwe pole, maana kila kosa lake linakua likienda nyuma. Mmeona malori yakipanda Mau Summit. La kwanza likisita kidogo, la kumi linasimama.

Na hapo sijagusa hewa yenyewe. Bawa linalobeba tani hizo zote linaacha nyuma ya kila ncha kisulisuli kinachozunguka na kuzama polepole. Tarehe 7 Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabia, ndege ndogo ya Challenger 604 ilipishana na A380, ndege kubwa mno ya abiria, iliyokuwa futi 1,000 juu yake. Kisulisuli kikaipindua mara kadhaa, ikaporomoka takriban futi 9,000 kabla marubani hawajaitwaa tena. Waliomo walifika ardhini, lakini ndege yenyewe haikufaa tena kuruka. Tarehe 8 Juni 1966 huko California, ndege tano zilikuwa zimejipanga kwa ajili ya picha, moja ikiwa XB-70 Valkyrie, ndege kubwa ya majaribio ya Marekani. Rubani Joe Walker alikuwa pembeni yake kwenye ndege ndogo ya kivita, F-104. Huyu ni mtu aliyewahi kurusha ndege ya roketi, X-15, hadi zaidi ya kilomita 100 kutoka ardhini. Mkia wa ndege yake ukaigusa ncha ya bawa la Valkyrie, akabingirishwa juu yake, akafa papo hapo, na Carl Cross, rubani msaidizi wa Valkyrie, akafa ndani ya ndege hiyo kubwa. Yote kwa ajili ya picha. Nani atasimama mbele ya kaburi la Walker aseme kazi hii ni chai?

Mwaka 1985, mwezi wa Desemba, shirika la British Airways la Uingereza lilirusha Concorde nne, zile ndege za abiria zilizokuwa zikiipita sauti kwa kasi, pamoja kwa ajili ya picha, na zote zikarudi salama. Ndiyo, nakubali, ni matangazo ya biashara. Hata hizo A350 tano zilikuwa tangazo. Tangazo halimpunguzii fundi ufundi wake.

Na kuna jambo moja lazima nimpe yule kijana, ingawa kwa shingo upande. Novemba 2021 Airbus ilipeleka A350 mbili kutoka Toulouse hadi Montreal, moja kilomita 3 nyuma ya nyingine, ya nyuma ikipanda kwenye hewa inayoinuliwa na ya mbele, na pale kompyuta ndiyo iliyosaidia kuiweka mahali pake. Mafuta yalipungua kwa zaidi ya asilimia 5. Wari wameyajua haya zamani. Watafiti waliwafunga vipima moyo wari wa Senegali na mwaka 2001 wakaandika kwamba wanaofuatana kwa mpangilio mioyo yao hupiga polepole kuliko anayeruka peke yake. Lakini kilomita 3 si mita chache.

Jumapili nilikwenda Njoro kumwona mjomba. Miguu siku hizi inamsumbua. Nilimwonyesha video ile bila kumweleza chochote. Aliishika simu mbali na uso, akaitazama mpaka mwisho, akaniomba niirudie, kisha tena. Mara ya tatu akaweka ukucha kwenye kioo, juu ya ndege ya nyuma kabisa, akawa anaifuata nao.

"Huyu," akasema. "Mwangalie huyu wa mwisho, mwanangu. Wote wanamsukumia yeye."

Kisha akaniuliza kama huwa anavua kiatu.