Mimi nataka kurusha ndege, wewe unaniuzia taa

Hivi jamani mtu mzima mwenye watoto na mkopo akitaka kurusha ndege ya kwenye kompyuta anakuwa amemkosea nani? Maana nikisema nataka kununua desktop kila mtu anafurahi, mama watoto anauliza itawasaidia watoto na masomo, jirani anauliza ni ya kubetia au nafungua steshenari, shemeji ndo usiseme, yeye kabla sijamaliza sentensi keshanipa namba ya mtu wake wa Kariakoo. Ila nikifika kwenye hilo la ndege, wanaanza kuniangalia usoni, halafu viatu, halafu mtu anaaga.

Na Kariakoo kwenyewe sasa. Dogo anakupokea vizuri kabisa, mkubwa karibu, mashine zipo, unataka ya ofisi au ya gemu? Namwambia ya kurushia ndege. Anasema ah, GTA hiyo, inakubali. Sio GTA dogo, ndege, nakaa kama rubani, nawasha injini, naongea na mnara, napaa Dar naenda kutua Zanzibar, kakipande ka kama dakika ishirini tu, kisha narudi. Dogo akanyamaza. "Sa ukifika Zanzibar unampiga nani?" Simpigi mtu. "Kwa hiyo gemu inaishaje?" Natua. "Basi?" Basi.

Alivyoona sina wa kumpiga akaamua wa kupigwa niwe mimi.

Akanitolea boksi jembamba la ofisini, lile la kulala chini ya monita, bado lina stika ya namba ya mali ya ofisi ya watu huko ughaibuni. "i7 hii mkubwa, mzigo wa Dubai, umeingia juzi." Nauliza jenereshen ya ngapi, anasema ya juu kabisa. Nikaomba iwashwe, nikaangalia, i7-2600. Ya mwaka 2011! Hiyo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ilivyotoka mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa, sa hivi ananidai hela ya kunyoa. Watu hawajui i3-12100 ya 2022, kora nne hizohizo, yaani wafanyakazi wanne ndani ya prosesa, inaiacha hiyo i7 mbali sana, lakini ukienda dukani ukaomba i3 wanakuonea huruma, wanakwambia mkubwa hiyo ni ya kuchapia barua, tafuta hela kwanza.

Haya tuseme nimekubali i7 ya mababu, kadi ya grafiksi, ile inayochora picha, itakaa wapi? Boksi lenyewe jembamba, kadi ya kawaida haiingii, zinaingia zile fupi tu, na pawa saplai yake haina hata plagi ya kulisha kadi kwa hiyo kadi inabidi iishi kwa zile wati 75 inazopewa na madabodi, lile bodi kubwa la ndani. Nikamuuliza dogo. Akasema hilo dogo mkubwa, fundi atakata bati kidogo. Kukata bati! Yaani natafuta kompyuta, napewa fundi wa mageti.

Duka la pili wakanielewa zaidi, walau waliuliza bajeti kabla ya kunicheka. Wakaleta Xeon, prosesa ya seva, ile E5-2699 v3, kora 18, jamaa anaitamka kora kumi na nane huku kashika kifua. Sasa hapa ndo watu wengi wanaopenda ndege wanapopigwa, kwa hiyo nisikilizeni. Simuleta ya ndege kazi yake kubwa inategemea uzi mmoja, yaani foleni moja ya kazi, mahesabu ya bawa, upepo, mitambo ya rubani, kupanga picha inayofuata, sehemu kubwa inasubiriana kwenye kora moja, na hiyo kora ikizidiwa picha zinakwama hata kama zilizobaki hazina kazi. Xeon hiyo ni ya 2014 na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.3 tu, kwa hiyo ni wapishi kumi na nane na jiko moja la mkaa, mmoja anakoroga, kumi na saba wanapiga umbea.

Wenye kujua wanatafuta zile prosesa za AMD, Ryzen zenye X3D mwishoni mwa jina. Ilianza 5800X3D mwaka 2022, wakabandika kumbukumbu ya haraka juu ya prosesa yenyewe ikafika MB 96, na simuleta inapenda hicho kitu balaa kwa sababu badala ya prosesa kukimbia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda iliyo mbali kidogo, kila saa inakuta vitu viko hapohapo. Ikafuata 7800X3D mwaka 2023 na 9800X3D mwaka 2024. Nikamuuliza jamaa wa kora kumi na nane kama anayo X3D. Akauliza, "Hiyo ya miwani?"

Na msidhani natafuta makubwa. Microsoft wenyewe kwa simuleta yao ya 2024 wameandika RAM ya kuanzia GB 16, ya kati GB 32, na kwa wale wanaojiweza GB 64 pamoja na kadi ya RTX 4080. Hiyo kadi ilivyotoka 2022 ilitangazwa dola 1,199, ukiipigia hesabu ya huku inakaribia milioni tatu, na nilifanya kosa gani sijui kuisema hiyo bei mezani maana mama watoto aliacha kula akaniangalia akasema taratibu, "Baba Naima. Kiwanja." Neno moja tu. Tangu siku hiyo kila kifaa ninachotaja nyumbani kwangu kinapimwa kwa viwanja.

Kwa hiyo nikashuka kwenye RTX 3060 ya GB 12, ambayo kwa ndege inatosha vizuri tu, ndege haina mambo ya kukurupuka, ukipata frem, yaani picha, 30 kwa sekunde zilizotulia unaruka raha mustarehe. Ila iwe yuzdi. Na yuzdi nayo ina historia yake. Septemba 15, 2022 Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, wakaacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa kadi za grafiksi, wachimbaji dunia nzima wakabaki na kadi zilizokesha miezi na miezi, wakaanza kuziuza. Nikakutana na moja, feni inalia, vumbi limeganda ndani ya mapezi, pasta ya joto imekauka imekuwa unga, namuuliza muuzaji hii imetoka kwenye kuchimba? Akaapa. Akasema ilikuwa ya dada mmoja wa Mikocheni, alikuwa anaangalia muvi tu, tena wikiendi. Huyo dada wa Mikocheni nimekuja kugundua ndo alikuwa na kila kitu hapa mjini, gari yake haijawahi kutoka nje ya Dar, friji yake aliweka maji tu, na sasa kadi yake aliangalia muvi.

Sasa tuje kwenye taa, maana hapa ndo damu yangu inapanda. Nani aliwaambia kompyuta nzuri lazima ifanane na ukumbi wa send-off? Nikiuliza boksi naletewa la kioo mbele, kioo pembeni, feni sita za rangi, inazunguka zambarau inaingia kijani, muuzaji ana rimoti, anabadilisha rangi huku ananiangalia kama sijazimia. Namuuliza hewa inaingilia wapi hapa mbele, ni kioo kitupu. Anasema feni zipo sita. Feni sita zinavuta nini, kioo? Mimi naishi Tabata, chumba hakina AC, Februari ukikaa tu bila kufanya kitu shati linalowana, na barabara yetu kila daladala ikipita inaniachia vumbi la kutosha kukandika ukuta, mimi nataka boksi la wavu mbele lenye kichujio ninachoweza kukichomoa nikakiosha. Lilikuwepo moja, jeusi, limetupwa nyuma ya printa mbovu. Jamaa akasita kulitoa. "Hili halina taa mkubwa. Utajuaje kama imewaka?"

Nitaona ndege!

Pawa saplai sasa. Nimepewa moja imeandikwa 750W kwa herufi za dhahabu, nikaibeba, nyepesi hadi nikaitikisa nijue kama kuna kitu ndani. Nikageuza lebo, miwani usoni, chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi: +12V, 18A. Na prosesa na kadi vyote vinakula kwenye hiyo volti 12, vile vingine ni vya mbogamboga. Nikatoa simu nikazidisha mbele yake, 12 mara 18, 216. Nikamwonyesha. Dogo nae akazidisha kwenye simu yake, labda yangu ina tatizo, ikaja 216. Namwambia sasa hizi nyingine mia tano na kitu ziko wapi? Akafikiria. Akasema, "Hizo za akiba."

UPS, lile boksi la betri la umeme ukikatika, ni hivyohivyo, inasemwa 650 na mteja anajua ni wati 650 kumbe ni VA, kipimo kingine, nyingi za saizi hiyo ukisoma kwa chini unakuta wati 360 au 390. Kompyuta ikikolea na monita imo humo, inapiga mlio mara moja inazima, na haizimi ukiwa umepaki, haizimi ukiwa angani umewasha otopailoti unakunywa chai, inazima uko fainali, hatua ya mwisho ya kutua, runwei 36 ya Zanzibar umeinyoosha mbele, flapu chini, unasikia nyumba nzima inasema "aaaah" na watoto wa jirani wanasema "aaaah", giza. Ndege imeanguka? Hamna anayejua. Abiria wako wapi? Hamna anayejua. Umeme ukirudi unaanza upya Dar, injini ya baridi.

Diski sina maneno, nunua SSD, ile ya haraka isiyozunguka, maliza.

Kilichobaki ni bando. Zamani simuleta ilikuwa inakuja kwenye DVD unaweka unasubiri, hata ile ya 2020 Ulaya waliiuza kwenye boksi lenye DVD 10, kumi kweli, nimeona picha, zimepangwa utadhani mahubiri. Hii ya 2024 wameifanya nyepesi, GB 50 tu kwenye diski, nikashangilia sana, kumbe dunia yenyewe wameiacha kwao, unaruka huku unaishusha kidogokidogo, na wanashauri intaneti ya Mbps 50 ili uone vizuri. Sasa mimi natumia hotspoti ya simu iliyofungwa dirishani kwa kandambili. Napaa Dar majengo yanatoka moja moja, Kigamboni inakuja kama uji, nafika juu ya bahari naletewa meseji ndugu mteja umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Na bahari yenyewe maji matupu! Nimeangalia kulia maji, kushoto maji, sijui ni nini hicho kilichokuwa kinashushwa.

Mtoto wa dada yangu ndo kaniokoa, anko achana nayo, weka X-Plane, simuleta nyingine, mandhari unaishusha mara moja inakaa kwenye diski, ukikata bando ndege inaruka. Na ukiwa huna hata hiyo hela kuna FlightGear ya bure kabisa. Kijana ana akili, nimemwahidi soda. Joistiki nimechukua ya Logitech, Extreme 3D Pro, ukizungusha kiganja inakuwa usukani wa mkia kwa hiyo pedali za mguuni nimeziweka kwenye orodha ya viwanja. Mama watoto aliikuta mezani akaigeuza, akaminya kile kitufe cha mbele, akauliza inasaga nini.

Wiki hii mama mkwe kaja kututembelea kutoka Tanga. Kakaa nyuma yangu na kahawa yake, ananiangalia napaa, mara akaniuliza mwanangu hiki chombo kinafika Tanga? Nikasema kinafika mama, Tanga kiwanja cha ndege kipo. Basi nipeleke. Huwezi kumkatalia mama mkwe, nikampeleka, nikafuata pwani mpaka Pangani, tukaingia Tanga, nikashuka chini chini kuelekea mtaani kwake, barabara ipo palepale, kona ipo, ila nyumba hizi programu inajipangia yenyewe kwa makisio, haijui nani anakaa wapi. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Kwangu kuko wapi?"

Nikamwambia mama, ni hapo hapo, ila nyumba ni za kukisia.

"Hapa si kwangu. Hapa pana ghorofa la nani? Na mwembe wangu?"

Nikazunguka tena kwa chini zaidi, mabati ya watu wote yamegeuka vigae, mwembe hamna, mama kakunja uso anauliza kama kuna mtu kauza kile kiwanja yeye yuko Dar. Shemeji kwenye kochi, mdomo umejaa mhogo, bila kunyanyua macho kwenye simu anasema hiyo ni RAM, RAM imempungukia huyo, akiongeza RAM nyumba ya mama inatokea.

Nimeeleza. Nimeeleza taratibu, kwa heshima, nikachora mpaka kwenye karatasi kwamba RAM haina uhusiano wowote na mwembe. Mama mkwe kanisikiliza mpaka mwisho, akafungua pindo la kanga, akaanza kuhesabu noti, akamgeukia shemeji akamuuliza hiyo RAM wanaipima kwa kilo au kwa kipande.