Dada wa Chini ya Usukani

Kila asubuhi nikiwasha gari, kuna mwanamke ananisemesha Kijapani. Sikumkaribisha. Nilimkuta humo humo, kama mpangaji aliyeuzwa pamoja na nyumba. Nazungusha ufunguo, injini haijakohoa vizuri, yeye keshaanza: sauti nyembamba, ya adabu, maneno marefu yasiyo na pa kupumulia, kisha kimya. Miaka miwili nilidhani ananitakia safari njema. Na kwa vile mimi nimelelewa, nikawa najibu, "Ahsante, dada."

Kigari chenyewe ni kidogo, namba D za mwanzo mwanzo, kilishuka bandarini Dar kikiwa kimeshazeeka kwao. Kwenye dashibodi kilikuja na redio ya kioo yenye ramani. Watu wa mtaani wakaanza kuniita bosi. Hawakujua kwamba ramani ile ni ya Japani tupu. Mimi niko Tabata Relini kwenye foleni, jua la saa nane linanipiga kisogoni, kishale cha gari kwenye kioo kiko katikati ya maji ya buluu, na mashua sina.

Kulikuwa na kitufe chenye picha ya nyumba. Siku moja nimechoka, nikakibonyeza nione. Mashine ikafikiri, ikanichorea mstari mpaka kwenye mtaa mmoja ambao jina lake limeandikwa kwa michoro kama mabanda ya kuku. Kwa mwenye gari wa kwanza hapo. Nikawa kila nikigombana na watu wa nyumbani nakibonyeza, naangalia kwa mzee wa watu, nawaza kama angenipokea hata kwa chai.

Redio yenyewe sasa. Wajapani FM yao inaanzia 76, na redio zao za zamani zinaishia 90. Stesheni zetu zimejazana kati ya 88 na 108. Kwa hiyo katika jiji zima nilikuwa napata zile chache zilizobanana chini ya 90, basi. Fundi akanipachika ekspanda, kidude ukubwa wa kiberiti kinachokaa kwenye waya wa antena na kushusha masafa kwa 20. Ukiitaka stesheni ya 100.5, itafute kwenye 80.5. Hesabu za kutoa nilizozikimbia darasa la tatu zikanikuta barabara ya Mandela, lori nyuma linapiga honi.

Ndiyo maana zamu yangu ya kupokea hela za mchezo wa kazini ilipofika, nikaamua kununua redio mpya. Mama watoto alikuwa na mawazo yake kuhusu ile hela, mawazo yenye umbo la friji. Nikamwambia friji haituchukui popote.

Kariakoo nikampata kijana anayejua kupima mfuko wa mtu kabla hujavuka kizingiti. "Mzee wangu, hii Android, kioo inchi 7, RAM 8, ina ramani, ina blututhi, na kamera ya nyuma nakupa bure." Laki tatu na themanini. Nikafungua mipangilio pale pale, kweli RAM, ile kumbukumbu ya mashine ya kufanyia kazi, imeandikwa 8. Ila kufungua ramani kunachukua muda wa kuchemsha chai, na hiyo ni chai ya maziwa. Baadaye mtoto wa jirani anayesomea kompyuta akaikagua kwa programu yake, akakuta RAM ni 1. Ile 8 imeandikwa tu, kama "Dokta" kwenye kadi ya mchango wa harusi.

Kwa fundi ndiko mambo yalikonoga.

Tundu la dashibodi ya gari langu lina upana wa milimita 200. Redio hizi za kuuziwa kila mtu zina 178. Zinabaki 22, ukigawa, kila upande unapita kidole cha mtoto. Kuna fremu za plastiki zinauzwa kwa kazi hiyo hiyo, lakini fundi akaniuliza kwa nini nipoteze elfu kumi na tano wakati yeye yupo. Akavua kandambili yake moja iliyokatika mkanda, akaichonga kwa kisu, akaziba kulia na kushoto, akapiga ngumi mbili. Ikakaa. Sikatai, ilikaa vizuri. Ila hadi leo gari likishinda juani, ndani linanuka mguu wa mtu nisiye na undugu naye.

Halafu zikaja waya. Nyuma ya redio kuna wa njano na mwekundu. Wa njano unanyonya betri moja kwa moja saa zote, kazi yake ni kuitunzia redio kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme pale tu unapozungusha ufunguo, ndio unaoiambia redio "amka". Haya nayajua leo, kwa gharama zangu. Siku ile nilikuwa nakunywa soda kwenye kivuli. Nikamwona fundi anamenya waya kwa meno, anasokota, anaviringisha tepu nyeusi, nikamuuliza, "Fundi, rangi umezifuata?" Akanijibu, "Bosi, waya ni waya."

Alipomaliza akaniambia niwashe. Nikawasha. Yule dada akasema maneno yake.

Fundi aliruka nyuma. Redio ya Kijapani si ameitoa? Iko pale chini kwenye mchanga, waya zinaning'inia kama utumbo, haina umeme wowote. Na dada anaongea! Tukazunguka gari. Tukafungua buti. Mwishowe fundi akakusanya vifaa vyake, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mambo mengine si ya mafundi wa umeme.

Ikabidi nimpigie shemeji, aliyewahi kusoma Japani. Akaja, akawasha, akasikiliza, akacheka mpaka akashika mlango. Kumbe chini ya usukani kuna kiboksi cheusi chenye spika yake, hakihusiani na redio hata kidogo. Ni cha kulipia barabara za kule zenye malipo: unachomeka kadi, ukipita getini kinakatwa chako. "Sasa anasemaje?" nikauliza. Shemeji akafuta machozi. "Anasema kadi haijaingizwa."

Miaka miwili namshukuru mtu anayenidai.

Nikamwacha. Nilikuwa na tatizo kubwa zaidi, maana ule wa njano na ule mwekundu vilikuwa vimebadilishana kazi. Nikizima gari, redio inasahau kila kitu. Nikiwasha inaamka kama mtu aliyepigwa rungu: tarehe inasema ni 1 Januari ya mwaka ambao hata leseni sikuwa nayo, sauti imepanda juu kabisa, na kabla ya yote inakaa kimya dakika nzima kioo kikiwa cheusi, halafu inaanza wimbo wa kwanza uliomo kwenye flashi. Flashi alinipa fundi, zawadi. Wimbo wa kwanza ni singeli.

Ile dakika moja ya kimya ndiyo mbaya. Ingekuwa inalipuka papo hapo, ningejua kujihami. Tulikuwa makaburini Kinondoni, mimi nimepewa kubeba wazee. Joto kali. Mzee mmoja amebaki kiti cha nyuma, miguu haimruhusu kusimama. Nikaona nimfanyie wema, niwashe kiyoyozi. Nikazungusha ufunguo, dada akadai kadi yake kwa sauti ya heshima, kimya kikatanda. Nikashuka nikasimama na wenzangu. Imamu akainua mikono, nasi tukainua. Dua imefika patamu, watu wanasema amina, mara gari langu likalipuka singeli kwa spika zote nne.

Nilikimbia, jamani. Nikabonyeza kuzima, kioo kikanitazama tu. Nikabonyeza tena, na tena. RAM 1 hiyo. Ilikuwa inazihifadhi zile bonyeza zangu, kisha ikazilipa zote kwa mkupuo: ikazima, ikawasha, ikazima, ikawasha, kama vile namchezea marehemu kwa mapigo. Nikachomoa ufunguo. Pale kwenye kimya chote kile, mzee wa kiti cha nyuma akaniuliza taratibu, bila hasira, "Mwanangu, wewe na marehemu mlikuwa na jambo?"

Nikarudi kwa fundi nikiwa nimevimba. Akasema hilo dogo. Akachukua wa njano na mwekundu, akazisokota pamoja, zote kwa betri. Sasa redio haisahau kitu. Haisahau kwa sababu hailali. Naingia ndani, nakula, nasali, nalala, yenyewe iko nje inakodoa macho, inanyonya betri. Asubuhi nazungusha ufunguo nasikia "tik". Na gari otomatiki halisukumwi likawaka, hata uite mtaa mzima. Mpaka upate gari la jirani na waya za kushtulia. Vijana wa kijiweni wameniwekea bei maalumu, elfu tano, na wananiamkia mapema kuliko jogoo.

Usiku mmoja redio ikiwa macho hivyo, ilikamata mtandao wa simu yangu niliyosahau kuzima hotspoti. Ikajisasisha. Bando la wiki nzima lilikwisha kabla ya adhana ya alfajiri, na ilipomaliza kujisasisha ikawa nzito zaidi.

Nimeuliza wenzangu wenye redio hizi, kila mmoja ana lake. Mmoja akiweka indiketa kushoto, sauti inashuka. Mwingine kamera yake ya nyuma inaonyesha dunia kichwa chini, miguu angani. Yeye anarudi nyuma kwa imani. Yangu ya nyuma ni nzuri mvua isiponyesha.

Lakini ramani. Ramani ndiyo iliyonitoa friji mkononi, acha niiseme.

Jumamosi ile tulikuwa na kikao cha harusi Kimara Korogwe. Nikaandika "Korogwe", dada wa pili, huyu wa Kiingereza, akaanza kuniongoza. Kutoka Tabata, Ubungo, tukaishika barabara ya Morogoro. Vizuri kabisa, natabasamu, mkono mmoja kwenye usukani. Tukafika Kimara. Mama watoto akasema, "Baba, si hapa Korogwe tunapita?" Nikamwambia anyamaze, mashine inaona mbali. Kweli ilikuwa inaona mbali. Tukapita Mbezi, tukapita Kibamba. Kibaha tukanunua maji. Dada anasema endelea moja kwa moja, nami naendelea. Mlandizi ndipo nilipoangalia kona ya kioo nikaona zimebaki saa nne na kitu. Alikuwa ananipeleka Korogwe ya Tanga, na njia ya kwenda Tanga kweli inapita Kimara, kwa hiyo hakunidanganya hata mita moja!

Mama watoto hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa karanga, akaanza kula. Wenye ndoa mnajua uzito wa karanga za namna hiyo.

Nalaumu mashine, ila na sisi watu wa Dar tumezidi. Morocco iko Kinondoni. Palestina iko Sinza, na Vatican iko Sinza hiyo hiyo. Mbezi ziko mbili, moja pwani na moja huku kwetu juu, ukikosea umeumaliza mchana. Kabla ya sensa ya 2022 walitupigia mabango ya majina ya mitaa kila uchochoro, yanapendeza, lakini nani aliyewahi kukuelekeza kwa bango? Mtu anakwambia shuka pale palipokuwa na mwembe. Mwembe ulikatwa zamani, yeye bado anaelekeza nao. Hiyo setilaiti itajuaje mwembe usiokuwepo?

Tukageuza. Antena ya ramani, kile kidude cha mraba chenye sumaku, inatakiwa ikae palipo wazi, ione anga. Fundi wangu aliisukumia ndani kabisa ya dashibodi, chini ya bati, karibu na kandambili. Kwa hiyo kishale kinarukaruka. Tulipofika tena Kimara, kikarukia katikati ya barabara, na katikati ya barabara ya Morogoro ndiko zilikolazwa njia za mabasi ya mwendokasi peke yake. Dada akasema kata kulia. Nilikuwa nimechelewa, nina aibu, nina karanga zinatafunwa sikioni. Nikakata.

Trafiki alikuwa kama ananisubiri. "Nani kakwambia upite humu?"

"Redio, afande."

Akainama dirishani, akaitazama ile redio na vipande vyake vya kandambili, akaitazama muda mrefu. "Nipe leseni yake."

Elfu thelathini, kwa leseni yangu mimi. Kikaoni tulifika watu wanakunja viti, tukaambiwa tumepangiwa kamati ya usafiri.

Juzi Jumapili mama watoto kavaa, kajipamba, anatangulia kukaa garini. Nazungusha ufunguo: tik. Vijana wakaja na waya zao hata sijawaita, wakashtua, injini ikanguruma. Kioo cheusi, redio inajikusanya, tumekaa wote wawili tunaisubiri kama wagonjwa kwenye benchi. Katika ule ukimya, kutoka chini ya usukani, dada akatoa yake: wazi, ya adabu, haijawahi kuchelewa hata siku moja.

Mama watoto akashusha kioo cha dirisha, akarekebisha mtandio. "Mwambie kadi tutamletea mwisho wa mwezi."