Eti "Amua Tu"

Juzi kwenye mkutano wa mtaa huku Uyole, Mbeya, mgeni mmoja wa mambo ya afya alipewa dakika kumi, akazitumia kumcheka mtoto wa watu. Alimwita mbele kijana mmoja, kuli wa viazi, akamwambia avute mdomo wa chini tuone ugoro ulivyokaa. Watu wakaangua kicheko. Kisha ikaja tiba yenyewe: "Amua tu, mdogo wangu. Mbona rahisi."

Mkononi alikuwa na kikombe cha chai. Sukari niliiona ikiingia, vijiko vinne. Haya, tuamue wote basi.

Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naanza ugoro. Jino linauma usiku, zahanati ni mpaka kesho, shangazi anakwambia bandika kidogo hapo linapouma. Au uko Isyonje kupakia viazi alfajiri, mwezi wa sita, baridi inakata masikio, magunia ya lumbesa yanakusubiri na tumboni kuna chai ya rangi tu. Mwenzako anakunyooshea kikopo cha dawa ya viatu, kimesuguliwa mpaka bati linang'aa. Anagonga kifuniko mara mbili ugoro ushuke. Unachota kwa vidole viwili, unaweka nyuma ya mdomo. Mara ya kwanza ni kizunguzungu, mate na kichefuchefu. Ukizoea, unachokiona ni kwamba njaa imenyamaza na gunia limekuwa jepesi. Halijawa jepesi, najua. Lakini kamwambie hivyo mtu anayelipwa kwa gunia.

Madereva wa Tunduma ni habari ileile, badala ya njaa weka usingizi.

Sasa tuje kwenye magadi, maana hapo ndipo "amua tu" inaponichefua. Ni magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Msaga ugoro hayatii kwa ajili ya ladha peke yake. Magadi yanaua uchachu, na uchachu ukipungua nikotini inajiachia, inapenya kwenye nyama laini ya mdomo na kuingia kwenye damu kwa kasi zaidi. Wazee wakisifia ugoro wa fulani kuwa mkali, mara nyingi wanasifia kazi hiyo bila kuijua. Halafu nikotini haikai. Baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo uliokwisha kuizoea unaanza kudai. Hapo ndipo arosto: mikono haitulii, kichwa kizito, usingizi wa mang'amung'amu, mtu anamfokea mtoto kwa sababu ya kijiko. Anabwia, anatulia, anaapa kwamba ugoro ndio unaomtuliza. Kumbe unazima moto uliouwasha wenyewe.

Siku chache za mwanzo ndizo chungu kuliko zote, na kwa wengi hali hupoa kadiri wiki zinavyokwenda. Nani alimwambia yule kijana hivyo? Nilimfuata baada ya mkutano. "Kaka, mimi nilishaacha," akaniambia, "nikagombana na kijiwe kizima, nikaona mwili umekataa." Mwili haukukataa. Ulikuwa kwenye siku zilezile mbaya, na hakuna aliyemwambia kwamba zina mwisho. Akarudi kazini, kikopo kipo, lumbesa zipo, baridi ipo.

Sawa, wapo walioacha kwa kuamua. Mjomba wangu aliacha alipobatizwa, hakurudia, na kila Krismasi anatusimulia upya. Hongera mjomba. Ila mjomba alikuwa na duka, hakuwahi kubeba gunia la mtu. Na ndiyo, ugoro haumfukizi jirani, hilo nalo nakubali. Ndilo linaloulinda: unaweza kuimba kwaya ukiwa nao mdomoni na mchungaji asijue.

Madhara yake siyapunguzi hata chembe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeiweka tumbaku isiyo na moshi, ugoro ukiwemo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu: ya mdomo, ya umio, ya kongosho. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, nasi tumekua tukitumwa na bibi kwenda kununua ugoro wa kufunga kwenye nailoni. Chunya wanalima tumbaku na tunashangilia bei ikipanda. Haya yote tunayameza kimya, ila kuli wa Isyonje ndiye anayekosa msimamo.

Mwaka 2024 WHO walitoa mwongozo wao wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, na wabwiaji hawakusahaulika: wapewe ushauri wa kuwafuatilia, na zipo dawa za kuwasaidia. Mimi sidai dawa zifike kesho kila zahanati ya Uporoto. Naanza na kitu kisichogharimu hata shilingi. Ukienda kutibiwa unaulizwa, "Unavuta sigara?" Bibi anajibu hapana, na hajasema uongo. Inaandikwa hapana, anapewa dawa ya kifua, anaondoka na ugoro wake mdomoni. Muulizeni na kama anabwia. Mkishajua, msimcheke.