"Toa Pasi Wewe!": Mchoyo, au Hajaona?

Kaa jukwaani Don Bosco, Upanga, Dar es Salaam, siku ya mechi ya kikapu, utaisikia: "Toa pasi wewe!" Anayezomewa mara nyingi ni kijana wa chuo, namba moja au mbili (wale wanaopandisha mpira na kurusha kutoka nje), ambaye mpira ukimfika umefika. Jukwaa limeshahukumu: mchoyo. Ni mapema mno.

Piga hesabu kwanza. Anayefunga mitupo 45 kati ya 100 ya pointi mbili anaipa timu pointi 0.90 kwa kila mtupo. Mwenzake wa konani, akifunga 33 kati ya 100 nje ya mstari wa pointi tatu, anatoa 0.99; hapo pasi inalipa. Akiwa ni wa 25, inabaki 0.75, na kumnyima mpira ni akili. (Ingawa akili hiyo nayo ina mwisho: Mmarekani Pete Maravich alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mchezo akiwa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, 1967 hadi 1970, chini ya kocha aliyekuwa baba yake mzazi, na timu haikugusa mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, hata msimu mmoja.)

Sasa tazama mikono yake. Anadunda kwa kulia, kichwa chini, anaingia ndani, beki wa pili anamjia. Anaushika mpira kwa mikono miwili kabla hajainua macho. Kudunda kumekwisha, mbele yake kuna mikono minne, na mwenzake amesimama nyuma ya beki kama anasubiri daladala. Atampa nani? Anarusha. Kutoka jukwaani ni ulafi, kumbe amechelewa kutazama nusu sekunde. Huyu dawa yake ni mazoezi ya watatu kwa watatu, ruhusa ya kudunda mara mbili tu, na pasi za mkono mmoja, wa kushoto ukiwemo.

Uchoyo wenyewe upo, na saa ndiyo inayouumbua. Kati ya sekunde 24 za kila shambulizi, kuvuka nusu ya uwanja kunaweza kula hadi 8. Akidunda sekunde kumi nyingine palepale juu, mbali na kikapu, wenzake wanaacha kukimbia, na punde hata kukaba wanakaba kwa uvivu. Mwingine hutoa pasi ile tu itakayoandikwa asisti, yaani pasi iliyozaa kikapu. Ile ya kabla yake, inayovunja ulinzi, haimhusu.

Kocha achukue video, ahesabu mara 20 kijana alizojiwa na mabeki wawili huku mwenzake yuko wazi. Kama mazoezini pasi hiyo huitoa vizuri na kwenye mechi anaikataa, amweke benchi.